Klarineti ya Tatu

Jumamosi, 4 Mei

Siku ya ushindi! Mpaka saa kumi jioni.

Ingvild alipanda kutoka chumba cha chini anachopanga kwetu, akakaa kitandani kwangu, akasikiliza muziki wangu wote. Dakika saba. Hakuna mtu aliyewahi kukaa dakika saba chumbani kwangu, ukimtoa fundi wa madirisha.

Ingvild yuko mwaka wa mwisho katika chuo cha katuni. Filamu yake ya mtihani inamhusu fisi-maji aliyepoteza jiwe analolipenda. Muziki ni wangu. Okestra nzima! Fidla ishirini, filimbi, matarumbeta, ngoma, na zote zimo ndani ya kompyuta. Ni sauti za wapiga ala halisi, zilizonaswa noti moja moja huko mbali, kisha mtu kama mimi anazipanga akiwa na soksi miguuni. Hakuna wa kumpigia simu. Hakuna wa kumtazama usoni. Uvumbuzi mkubwa kuliko umeme.

Ingvild akasema ni mzuri, mdogo wangu, ila mwalimu wake ameusikia na ana neno. Neno gani? Akavuta mkono wa sweta yake. "Anasema hakuna anayepumua humo ndani."

Mwalimu anataka wapiga ala wa kweli wachanganywe na wale wa kompyuta. Si wengi. Hata wawili tu, wakae juu ya zile fidla. Kazi inakabidhiwa Jumatatu ya tarehe 13. Je, ninawajua wanamuziki? Maana kama sivyo, Truls amejitolea na bendi yake.

Truls! Tunasoma darasa moja. Bendi yake ina watu sita, na wote sita huanza kucheka kabla hajamaliza utani.

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba ninawajua wengi mno, tatizo ni kuchagua.

Baadaye nilihesabu watu ninaoweza kuwapigia simu. Wanne. Mmoja ni daktari wa meno.

Jumapili, 5 Mei

Mpango wa kwanza. Rahisi ajabu! Kama kinachokosekana ni pumzi, pumzi ninayo.

Nilijifungia kabatini katikati ya makoti, maana humo hakuna mwangwi, nikawasha kinasa sauti. Pumzi ndogo kwa filimbi. Pumzi kubwa kwa matarumbeta. Pumzi za huzuni kwa fidla. Jumla mia moja na arobaini. Kizunguzungu. Mama aligonga mlango wa kabati akauliza kama ninalia. Nikasema hapana. Akauliza kama ningependa kulia. Nikasema niko kazini.

Jioni Ingvild alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole sana, kama mpiga fidla wangu ana pumu.

Nikasema ameanza dawa.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa pili. Tangazo kwenye ubao wa maktaba ya shule, ambako kila mchana ninakula mikate yangu ya jibini nyuma ya rafu ya ramani. *Wanatafutwa wanamuziki. Kwa filamu. Watu watulivu.* Chini yake vikaratasi kumi vya kuchana, vyenye namba yangu ya simu. Jina sikuweka.

Hadi saa sita havijaguswa. Nikachana viwili mwenyewe. Binadamu hufuata umati, nimesoma hilo katika kitabu kinene.

Truls akapita na watu wake sita, akasoma kwa sauti. "Watu watulivu! Jamani, huyu anatafuta wanamuziki au maiti?" Nilikuwa nyuma ya ramani ya Ureno. Sikutafuna mpaka walipoondoka.

Saa nane: vimechanwa vitatu! Kimoja si changu! Mtu mzima, halisi, ana namba yangu mfukoni! Nilikaa na simu mapajani mpaka chakula cha jioni. Haikulia. Nikadhani labda ni mtu mwenye haya. Nilimpenda tayari.

Baada ya chakula nilitafuta ufunguo wa baiskeli katika mfuko wa koti la mama, maana leo aliazima baiskeli yangu kuja shuleni kwenye mkutano wa wazazi. Kikaratasi kilikuwa humo. Kimekunjwa mara mbili, vizuri.

Nikakirudisha kilivyokuwa.

Jumatano, 8 Mei

Mpango wa tatu, wa hali ya juu kabisa. Bendi ya matarumbeta ya mji hufanya mazoezi kila Jumatano katika ukumbi wa michezo, na sasa wanapiga kama wendawazimu kwa ajili ya gwaride la Mei kumi na saba, sikukuu ya taifa. Pumzi zinamwagika sakafuni bure! Kwa nini niombe kitu kinachomwagika?

Ukumbi ninaujua. Nilikuwa katika bendi hiyo mpaka nilipofika miaka kumi na miwili. Klarineti ya tatu. Muziki haukunishinda. Kilichonishinda ni mapumziko, yale ya dakika kumi na tano, ambapo kila mtu alikuwa na mtu wa kukaa naye na mimi nilikuwa nikisafisha klarineti. Hakuna klarineti duniani iliyosafishwa kama ile.

Nilijibanza nyuma ya magodoro ya mazoezi na kinasa sauti ndani ya begi. Nilichonasa: mwongozaji akimwamuru mtu ateme pipi. Viti. Dakika kumi na moja za mtu akisimulia habari za goti lake. Halafu, tuba. Nzito, tamu, kama ng'ombe anayewaza. Hiyo! Hiyo ndiyo sauti ya fisi-maji akiwa peke yake kwenye ukingo wa mto!

Nikasogea karibu kidogo. Magodoro yakaniangukia.

Mwenye tuba ni Bi Jorunn, aliyekuwa nahodha wa kivuko kabla ya kustaafu. Aliinua godoro kwa mkono mmoja. "We! Si mtoto wa Marit huyu? Aslak, unafanya nini huko chini, unataga?" Nikasema ni utafiti wa shule kuhusu mwangwi. Akataka kujua ni mwangwi gani unaotafutwa ndani ya sponji. Nikasema ndicho hasa tunachochunguza.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki.

Ijumaa, 10 Mei

Bi Jorunn amekuja kukirudisha kiatu. Ameuliza filamu ya fisi-maji inahitaji tuba saa ngapi kesho.

Mama anaapa hakumpigia mtu yeyote simu. Mama hajui kuapa.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika haraka nisisahau.

Walikuja wawili, Bi Jorunn na Oddleiv, muuza matairi anayepiga filimbi kama ndege. Tulinasa katika chumba cha kufulia, kwa kuwa nguo zinazoning'inia humeza mwangwi. Niliwavalisha hedifoni zenye mlio wa tiki, tiki, tiki, ili waende sawa na okestra ya kompyuta, ambayo haimsubiri mtu.

Msiba! Watu wa gwaride wakisikia tiki miguu inaanza yenyewe. Mara ya kwanza: tuba, filimbi, na jeshi likivuka daraja. Tukawavua viatu. Bado. Mwishowe tukawasimamisha juu ya mito ya sofa, wakawa wanayumba kama watu walio melini. Ingvild alicheka mpaka akakaa ndani ya kikapu cha nguo. Oddleiv alicheka bila sauti, machozi yakimtoka. Mimi pia nilicheka. Nilikisikia kicheko hicho kwenye hedifoni, nikatafuta ni nani.

Bi Jorunn akalalamika kuhusu wenzake wa kompyuta. Hawachoki hawa? Hawaendi kunywa kahawa? Pale fisi-maji anapotazama mahali jiwe lilipokuwa, alivuta pumzi ndefu, ndefu kuliko tiki zote, kisha ndipo akapiga. Nilitaka kumsahihisha. Badala yake nilikaa nikazihamisha fidla zote ishirini, moja moja, zimsubiri.

Tukasikiliza. Fidla ni zile zile za uongo, lakini juu yake yupo mwanamke mmoja wa kweli, na ukimwamini yeye unawaamini wote. Ingvild akaniwekea mkono begani. "Sasa kuna mtu humo ndani, mdogo wangu."

Mama alileta vafler, keki bapa za moto, na jibini la kahawia. Tulikula tukiwa tumesimama, watu watano katika chumba cha kufulia. Hakuna aliyeondoka kwa saa nzima.

Bi Jorunn akataja malipo yake. Mpiga klarineti ya tatu amejifungua mapacha. Je, nitaandamana nao tarehe kumi na saba? Mdomo ulikuwa umejaa. Nikatikisa kichwa kwa maana ya ndiyo.

Jumatatu, 13 Mei

Filamu imekabidhiwa. Mwalimu amesema tuba inamtia uchungu mahali pazuri.

Nimeishusha klarineti kutoka darini. Nimepuliza. Jirani ameuliza kama bata wetu ni mgonjwa.

Hatuna bata.

Jumatano, 15 Mei

Leo ni mazoezi ya mwisho. Nilifunga bendeji mkononi nikamwomba mama apeleke udhuru. Ingvild akauliza kwa nini asubuhi ilikuwa mkono wa kushoto. Nikasema maumivu yanahama.

Nimewaza njia zote. Kukataa: haiwezekani, ningelazimika kumwambia mtu. Kupiga vibaya: watajuta kunialika. Kujifanya napiga: wataona hakuna sauti.

Halafu, jibu! Ninayo klarineti ya kompyuta, safi, haikosei kamwe. Ninayo spika ndogo inayoenea kwapani. Filamuni tuliwaweka watu wa kweli juu ya ala za kompyuta. Gwarideni tutaweka ala moja ya kompyuta katikati ya watu wa kweli. Sanaa ni ile ile! Nani atajua?

Nimepanga sehemu yangu yote, mapigo mia moja na kumi na mawili kwa dakika. Sawasawa kama saa ya ukutani.

Ijumaa, 17 Mei

Mwanzo ulikuwa mtukufu. Jua. Bendera za Norwei kila dirisha. Koti la buluu, vifungo vya shaba, glavu nyeupe. Simu mfuko wa ndani, spika kwapani, klarineti mdomoni bila pumzi hata moja. Bi Jorunn nyuma yangu, Oddleiv kushoto kwangu, akanikonyeza. Tukatembea, na kwapa langu likapiga vizuri kuliko mtu yeyote mtaani.

Halafu kilima cha kanisa.

Sikufikiria kilima! Wazee mbele yetu wakapunguza mwendo. Watoto wa chekechea nyuma yao wakaangusha bendera, tukapunguza tena. Klarineti yangu haikupunguza. Kwenye duka la mikate ilikuwa mbele yetu kwa hatua nne. Kwenye benki kwa kumi na sita. Oddleiv alianza kunitazama kama mtu anayesikia panya ukutani.

Mbele ya nyumba ya wazee mwongozaji akainua mkono. Bendi ikanyamaza. Mji mzima ukanyamaza, kofia mikononi, kwa ajili ya bendera kupandishwa.

Koti langu likaendelea.

Klarineti ya tatu haina wimbo wake. Ni *pa-pa, pa-pa*, kazi ya kujaza tu. Katika ukimya ule ikasikika mpaka ng'ambo ya maji. Nilikuwa nimeishusha klarineti, kila mtu aliiona iko gotini. Vifungo havikukubali kufunguliwa kwa glavu. Truls, aliyesimama na wenzake kwenye ukuta wa kanisa, akapaza sauti: "Jamani, koti lina bidii kuliko mwenyewe!"

Bi Jorunn akaja akanifungua vifungo, kimoja kimoja, kama mtoto anayevuliwa koti la theluji. Akaitoa spika. Hakujua pa kuizimia. Akaitumbukiza ndani ya tuba.

Ikawa kubwa mara tatu.

Wazee kwenye viti vyao walipiga makofi mpaka wimbo ukaisha.

Baadaye nilisubiri kufukuzwa. Bi Jorunn alinivuta pembeni. "Kijana wangu, nipo katika bendi hii miaka thelathini na mmoja. Klarineti ya tatu hakuna aliyewahi kuisikia. Wala hatukuitaka sauti yake. Safu ilikuwa na pengo, bwana. Tulitaka mtu wa kusimama hapo." Akasema wanakwenda kula aiskrimu wote, nije. Oddleiv alikuwa ameshanishikia nafasi kwenye foleni.

Nikasema jino linauma.

Nyumbani, dirisha likiwa wazi, niliwasikia mpaka jioni. Mtu alikuwa akisimulia habari za goti lake.

Jumatano, 22 Mei

Nimegundua kosa. Si la mpango, ni la kilima! Nimekwenda kukipima: hatua mia mbili na kumi na mbili. Nitafunga swichi ndogo ndani ya kiatu, na klarineti itaufuata mguu wangu. Nikipunguza, itapunguza. Nikisimama, itasimama. Mwakani hakuna atakayejua!

Leo ni siku ya mazoezi ya bendi. Sikwenda, nina kazi nyingi.

Saa kumi na moja kengele ya mlango ililia. Mama hayupo, Ingvild hayupo. Nilichungulia dirishani: Bi Jorunn, na tuba mgongoni. Nilisimama juu ya ngazi, nyuma ya mlango, bila kusogea. Kinasa sauti kilikuwa mkononi, kimewashwa, maana nilikuwa nikinasa hatua zangu kwa ajili ya swichi ya kiatu.

Akaita. "Aslak." Kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. "Aslak!" Kisha kwa mapafu yote ya kivuko: "Aslak! Njoo bwana, tunakungoja!"

Alisimama dakika sita. Halafu akaondoka, nikasikia tuba ikigonga lango.

Nimesikiliza. Sauti safi kabisa, hakuna upepo, hakuna gari. Na ajabu yenyewe ni hii: ala nzuri ya kompyuta huhitaji kila sauti inaswe kwa nguvu tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na yeye amenipa zote tatu kwa mpangilio, bila kuelekezwa. Nimeziweka kwenye kinanda. Nikigusa kwa upole, ananiita kwa upole. Nikipiga kwa nguvu, ananiita kwa nguvu.

Nimejaribu mara arobaini. Haijakosea hata mara moja. Kila nikibonyeza, bado wananingoja.