Malalamiko Kuhusu Matoazi Yaliyopotea Ndani ya Hedifoni

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Ushauri wa Vyombo vya Sauti.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umekaa kwenye kiti chenye mgongo mzuri, na hedifoni yako kichwani ikiimba inavyotakiwa. Mimi pia ni mzima, ingawa wapo wanaolibishia hilo, na hao ndio walionifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi mitambo wa redio. Nimekaa nyuma ya kioo cha studio tangu watangazaji wa leo hawajajua kutamka hata "habari za asubuhi". Kazini wananiita Sikio, kwa kuwa niliweza kupita koridoni na kikombe changu cha chai, nikasema waya wa kipaza sauti cha pili umelegea, na kweli ukakutwa umelegea. Jina hilo sikujipa mwenyewe. Nimelizoea tu, na sasa kuna watu wanataka kunivua.

Ombi langu ni moja. Naomba uniandikie cheti. Kiseme, kwa muhuri wa jarida lenu, kwamba hedifoni niliyoinunua kwa ushauri wako haioani na amplifaya yoyote iliyopo duniani, na kwamba tatizo liko kwenye vyombo, si kwenye masikio ya mnunuzi. Meneja wangu amekataa kusaini mkataba wangu mpya mpaka nipimwe masikio. Mke wangu naye anasema nikapimwe, yeye hajataja mkataba. Nakihitaji cheti hicho kabla mwezi haujaisha, na sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Hedifoni yenyewe. Uliandika kwamba mtu akiivaa atasikia hata mpiga filimbi akivuta pumzi. Nilikuamini. Bei sitaitaja, maana mke wangu anaweza kuipitia barua hii kabla haijafika posta. Niliweka wimbo ninaoujua kuliko ninavyoijua namba yangu ya simu, ambao mpiga ngoma anayagusa matoazi taratibu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ngoma nilizisikia. Gitaa la besi nililisikia. Mwimbaji alikuwepo, ingawa alionekana ana mafua. Matoazi hayakuwepo kabisa. Ni kama yule bwana alifukuzwa kazi kati ya siku waliyorekodi na siku niliyonunua hedifoni yako.

2. Amplifaya. Katika toleo lililofuata ulieleza kwamba hedifoni ya omu nyingi, yaani inayoukinza sana umeme, ni kama mlango mzito, lazima apatikane mwenye nguvu wa kuusukuma, na kwamba wengi wetu tunailaumu bure wakati kosa ni la amplifaya dhaifu. Nikaona umenisema mimi. Nikanunua amplifaya yenye nguvu. Besi ikanitikisa taya, matoazi hakuna. Ukaandika kwamba hedifoni za aina ile hupatana zaidi na amplifaya ya taa, zile za mtindo wa zamani zinazowaka rangi ya chungwa. Nikaipata. Ilikuwa nzuri kwa kutazama, na paka wetu aliipenda sana kwa joto lake, lakini matoazi hakuna. Ukaandika tena kwamba anayeona sauti imefifia atafute amplifaya yenye sauti ya kung'aa. Nikaitafuta, nikaifunga, nikazungusha kitasa cha sauti mpaka kikagoma.

Hapo ndipo mama watoto alipoingia na kunigusa bega. "Baba watoto, punguza hicho kitu. Hayo matoazi yanatusumbua mpaka jikoni."

Ndugu Mhariri, hedifoni ilikuwa kichwani kwangu. Mimi niliyeivaa siyasikii, na yeye anayekatakata vitunguu nyuma ya ukuta anayasikia. Nikakaa kitako nikalifikiria jambo hilo kifundi. Hedifoni yako ina matundu kwa nyuma, na sauti ya matoazi ni nyembamba. Ni wazi kwamba inatorokea kwenye matundu kabla haijanifikia. Nikayaziba matundu yote kwa selotepu. Kuanzia siku hiyo mama watoto naye hakuyasikia tena, na angalau tukawa sawa.

3. Tatizo limeambukiza nyumba nzima. Kengele ya mlango imekufa. Fundi umeme aliitwa, akaibonyeza, akaniangalia, akamwangalia mke wangu, na wote wawili wakakubaliana kwamba inalia. Sijui walipanga nini kabla sijafika. Birika letu lilikuwa likipiga filimbi maji yakichemka; sasa linachemka kimya kimya mpaka linakauka na kuungua. Tumenunua jingine, nalo ni vile vile, maana siku hizi hawatengenezi vitu vya maana. Simu yangu hulia pale tu ninapokuwa nimeitazama. Ndege wanaotua kwenye waya nje ya dirisha la studio bado wapo, wanafungua midomo na kuifunga, ila kuimba wameacha. Hedifoni moja isiyooana na amplifaya inawezaje kufika mpaka kwa ndege? Mimi sijui. Wewe ndiye mtaalamu.

4. Mke wangu. Hapa naandika kwa heshima zote, kwa kuwa ni mtu ninayempenda. Nguvu yake ya kutoa sauti imeshuka. Nilipomuoa alikuwa akiniita kutoka kwenye kamba ya nguo, na jirani wa nyumba ya tatu anaitika. Siku hizi anaongea huku anatazama sufuria, maneno yananifikia yakiwa yamekatwa vichwa, na nikimwomba arudie anarudia kwa sauti ile ile, safari hii na hasira juu yake. Nimejitahidi kumsaidia. Nimehamisha kiti changu ili wakati wa kula nikae mbele ya uso wake. Nimesogeza na taa. Nilimshauri atoe sauti kutoka kifuani, kama tunavyowafundisha watangazaji wapya, akanijibu kwamba hakuja kuolewa na redio. Kisha akasema hataki kumpigia mume wake kelele kama mtu anayegombana naye, majirani watasemaje.

Sasa akianza kuniambia jambo, nami nikasema "eti?", ananitazama kidogo, halafu anasema, "Basi, acha." Hilo nalisikia vizuri. Analisema mara nyingi, na kila akilisema najua kuna kitu nilikuwa niambiwe na sitaambiwa tena. Linaniuma, Ndugu Mhariri. Nimelipanga namba nne kwa sababu tu jarida lenu ni la vyombo.

5. Kazini. Tunaye mtangazaji wa habari za asubuhi, binti mpole, mwenye sauti iliyotulia. Kupitia hedifoni ya studio, ambayo nayo imeshaambukizwa, nilimsikia kama mtu anayesoma akiwa amejifunika blanketi. Nikafanya ambacho fundi yeyote mwenye huruma angefanya: nikampandishia zile sauti nyembamba. Nikaona bado, nikapandisha tena.

Wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Mmoja alisema habari za leo zimekaangwa. Kinyozi mmoja alisema wateja wake wameomba azime redio ili wanyolewe kwa amani. Mama mmoja alilalamika kwamba mbwa wake ametoka nje na kukataa kurudi mpaka ilipofika zamu ya michezo. Mtangazaji mwenyewe alinijia machozi yakimlengalenga. "Mzee Sikio, mbona leo nasikika kama nyoka?" Nikamtuliza. Nikamweleza kwamba redio za wasikilizaji wote hazijaoanishwa vizuri na spika zake, na kwamba hilo ni suala la kuwaelimisha wananchi. Siku hiyo hiyo nikampelekea meneja pendekezo kwamba kabla ya kila taarifa ya habari tuwaombe wasikilizaji, kwa lugha ya staha, wakabadilishe redio zao.

Meneja akaniita ofisini. Huyu nilimpokea mimi alipokuja kujifunza kazi, nikamwonyesha jinsi ya kukunja waya bila kuukata ndani kwa ndani. Ofisini kwake kuna feni inayovuma. Aliongea kwa muda mrefu, kwa upole, akichezea kalamu, nami nikawa natikisa kichwa kila mahali nilipoona panastahili kutikiswa kichwa. Jioni nikaletewa karatasi ya kunishukuru kwa kukubali, kwa moyo mkunjufu, kwenda kupimwa masikio.

6. Hili la mwisho ndilo la kisheria. Mlichapisha mchoro wa safari nzima ya sauti. Mlianza na rekodi, mkaja kwenye mtambo wa kuisomea, waya, amplifaya, waya tena, hedifoni. Pale mkaweka nukta. Sikio hamkulitaja. Kama sikio lingekuwa sehemu ya mtambo, mngeliandikia omu zake, mngelipiga picha kutoka pembe nzuri, na mngenieleza ni lipi linapatana na amplifaya ya taa. Hamkufanya hivyo. Kwa maana hiyo, na kwa mujibu wa jarida lenu wenyewe, sikio halihusiki, na mtu hawezi kuachishwa kazi kwa sababu ya kitu kisichohusika.

Usinione mbishi. Mke wangu ana msemo wake kuhusu sikio na dawa ambao ameutumia sana siku hizi, nami sitaurudia hapa. Nakwambia ukweli, ninaogopa. Mtu aliyeitwa Sikio karibu maisha yake yote ya kazi, akiambiwa kwamba sikio limekwisha, ataitwa nani? Nikitolewa nyuma ya kile kioo sijui nitakaa wapi nikae vizuri. Kwa hiyo naomba cheti hicho kiwe na nakala, moja nimpe meneja na nyingine niibandike jikoni. Nafasi ikitosha, kitaje pia kengele, birika, ndege, mke wangu na wasikilizaji wote wa redio yetu, ili nisije nikakusumbua tena kwa kila mmoja peke yake.

Nisalimie wote hapo ofisini: mpiga picha anayezipiga hedifoni picha kama maharusi, anayepanga kurasa, na yule dada wa mapokezi, ambaye namwomba radhi kwa kumkatia simu mara kadhaa nikidhani hajapokea. Binti yangu na mkwe wangu wanakusalimia. Mke wangu pia anakusalimia, au nadhani hivyo. Nilipomtajia jina la jarida lenu alisema kitu.

Ni mimi msomaji wako mwaminifu, ninayesubiri matoazi,

Fundi Mitambo (Sikio)

Nyongeza: Barua hii imechelewa kutumwa. Nilitaka kuifungia ushahidi, nikaenda mwenyewe kupimwa masikio ili nikupelekee karatasi inayosema ni mazima. Dada mpimaji aliniingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta za sifongo, akanivika hedifoni kuukuu ambayo wewe usingeipa hata mstari mmoja, akanipa kitufe nibonyeze kila nitakaposikia mlio. Nikakaa kidole kikiwa tayari, nikisubiri aanze. Akafungua mlango akaniambia tumemaliza.

Nilimwambia hedifoni yake haioani na mashine. Hakubishana nami. Aliivaa yeye, akaurudisha mlio ule ule tangu mwanzo, na mbele ya macho yangu akawa anabonyeza kitufe, anabonyeza, anabonyeza tena. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Nikatafuta kiti nikakaa.

Basi malalamiko yote hapo juu uyafute, na cheti usiandike. Hedifoni yako haina kosa, na selotepu nimeibandua. Nimewekewa kitu kidogo nyuma ya sikio. Anasema ndani yake kuna kipaza sauti, amplifaya na spika, vyote vimepangwa kwa kulifuata sikio langu. Nilimuuliza kina omu ngapi, akasema hajawahi kuulizwa. Nilipotoka nje nilisikia mtu ananifuata kwa nyuma, nikageuka, kumbe ni viatu vyangu. Meneja nitamwona mwenyewe kesho kuhusu ule mkataba. Sijui atasema nini, ila safari hii nitasikiliza kwanza ndipo nitikise kichwa.

Nilipofika nyumbani mama watoto alikuwa chumbani anakunja nguo, amenipa mgongo, anaongea peke yake kama alivyojizoeza. Alikuwa analiambia shati langu, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba hajui huko wamemwambia nini yule mzee, na asije akawa amekwenda kukaa mahali peke yake na mawazo. Nikamjibu kutoka mlangoni kwamba sikukaa mahali, nimekuja moja kwa moja nyumbani. Alisimama na shati mkononi. Kisha akakaa kitandani akaanza kuniambia, na alikuwa na mengi, maana alikuwa ameyaweka muda mrefu.

Sauti yake ina ukali kidogo kule juu, kwenye zile nyembamba. Nimeiacha hivyo hivyo.