Ombi la Kumzuia Pretty Asipae Peke Yake Bila Injini

Kagarama, Kicukiro

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Ndege Zisizo na Injini,
Kigali

Mheshimiwa Bwana Kamanzi,

Salamu za heshima zikufikie wewe, mama watoto, na wote wanaobaki chini kukuombea kila unapopaa. Mimi ni Winifred Mukandayisenga, mchoma brosheti, yaani mishikaki, wa Kagarama, mama yake Pretty. Nimesikia kwamba Jumamosi hii mwalimu Cyriaque atashuka kwenye ndege na kumwacha binti yangu apae peke yake. Kwa adabu zote nilizofundishwa Bukoba nilikokulia, nakuomba umzuie. Sababu zangu ni hizi:

1. Ndege yenu haina injini. Mwanzoni nilidhani imeharibika, nikamhurumia fundi. Kumbe ndivyo ilivyonunuliwa. Inavutwa kwa kamba hadi juu, kamba inaachiliwa, na watu wazima wenye kazi zao wanapiga makofi.

2. Mimi nikipanda pikipiki kwenda sokoni, dereva haondoki kabla sijavaa kaske, ile kofia ngumu, kichwani. Pretty yuko mawinguni na kofia ya kitambaa, ya kuzuia jua. Yaani katika yote yaliyoko huko juu, mnachohofia nyinyi ni jua.

3. Mnamvisha parashuti mgongoni. Bwana Mwenyekiti, mimi nikimletea mteja brosheti pamoja na dawa ya tumbo, atakula?

4. Hili ndilo kubwa. Cyriaque alinieleza, tena kwa furaha, kwamba ndege hiyo huinuliwa na hewa moto itokayo ardhini, na kwamba mwanafunzi mwerevu huitafuta. Basi Pretty, kwa werevu wake, ameipata juu ya jiko langu. Anazunguka hapo hapo mchana kutwa. Wateja wanatazama juu, nyama inaungua, na mzee Ndayisaba juzi alijimiminia pilipili kwenye soda.

5. Nikakaa nikafikiri. Kama hewa moto ni yangu, basi injini ni mimi. Sasa injini inaruhusiwa kuugua? Inaweza kwenda msibani? Ile Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tunapofyeka kandokando ya barabara na majiko yote yamezimwa, nani anamshikilia mtoto wangu? Wiki iliyopita mkaa uliniishia yeye akiwa juu, nikachoma kigoda. Kilikuwa kigoda kizuri.

6. Tangu aanze masomo yenu ya usalama, nyumbani hakukaliki. Sufuria haiinuliwi mpaka aizunguke, aguse mishikio, ahakikishe mfuniko umekaa. Tukienda kanisani anatukagua mikanda. Mume wangu Conrad siku hizi hatoki kitandani kabla ya kuulizia upepo.

7. Sasa niseme bila mzaha. Naogopa. Pretty ndiye mtoto pekee niliye naye, na nikimwona kule juu nahesabu mpaka ashuke. Akiwa na Cyriaque, yupo mtu mzima wa kumwambia punguza. Akiwa peke yake atamsikiliza nani? Mimi huyo namwita chakula akiwa chumba cha pili, hasikii.

Kwa hiyo naomba ama ndege ifungwe injini, ama Pretty apae na kamba kiunoni, ncha ya pili nibaki nayo mimi. Kamba ninayo, tena ndefu.

Wasalimie wanachama wote, wale wanaovuta kamba, na jamaa anayeangalia upepo. Mwambie Cyriaque nampa salamu, ila nusu.

Mimi mama mwenye shingo iliyokakamaa kwa kutazama juu,

Winifred Mukandayisenga

Nyongeza: Barua hii nimeileta mwenyewe uwanjani, nikakukosa. Cyriaque akanikaribisha niketi nikungoje. Kiti chenyewe kilikuwa ndani ya ndege. Aliponifunga mikanda nikadhani ni heshima tu ya mgeni. Namalizia haya nimekaa kwenye majani, tumeshatua, unisamehe mwandiko. Bwana Mwenyekiti, kule juu kuna kimya ambacho sijawahi kukisikia tangu nizaliwe. Nimecheka mpaka nikalia. Nimeimba, na Cyriaque ameitikia. Mwacheni mtoto apae Jumamosi, ni haki yake. Ila mwambieni asikawie kushuka, maana anayefuata ni mimi.