Viongozi Wawili na Palahala wa Mzee Omer

Jumatatu, 8 Machi 1993

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mwindaji. Tangu maduka yaporwe, wazungu wakakimbia, Kolwezi haina mtu wa kumpeleka porini. Mimi Kisimba, kiongozi wa wawindaji, mwenye bereti na filimbi, nauza mkaa wa mke wangu Blandine. Nauza vibaya. Blandine anasema hata mkaa unanidharau.

Ah, zamani! Magari yakifuatana kuelekea Kasaji, meza za kukunja, mpishi akioka mkate ndani ya kichuguu. Wawindaji wa siku zile walikuwa wanakosa shabaha, kisha wanakupa mkono. Leo ukimpa mtu mkaa umelowa kidogo anakutukana mpaka ukoo.

Lakini leo kuna habari! Mzee Omer, fundi mstaafu wa karakana ya mgodi, Mbelgiji wa mwisho mtaani kwetu, anarudi kwao baada ya Pasaka. Amewinda huku tangu ujana wake na hajawahi kupata palahala, yule swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama mundu. Anataka kujaribu mara ya mwisho. Majani marefu, barabara matope, si msimu, hajali. Anatafuta kiongozi. Nikaruka! Kisha nikasikia jina la kiongozi anayemtaka.

Ntambwe.

Ntambwe wa Musonoi! Daima Ntambwe! Tulianza kazi pamoja, tukala bukari, ugali wetu, sahani moja, na tangu hapo kila mwindaji anamtaka yeye. Kwa nini? Ananyamaza. Watu wanadhani kunyamaza ni akili.

Nikapata mpango. Ntambwe ni Mkasai. Kazaliwa hapa hapa, baba yake aliletwa na mgodi, lakini siku hizi mitaani wanaimba kwamba Wakasai warudi kwao. Nikaenda kwa Mzee Omer, nikavua bereti, nikamwambia kwa huzuni kuwa Ntambwe ameshafunga mizigo, anasubiri treni ya Kasai. Mzee akakaa chini. Kisha akanichukua mimi.

Safi! Uongo mdogo tu. Hauna meno.

Jumatano, 10 Machi

Balaa. Nilisahau kwamba Mzee Omer ni mtu wa adabu. Alikwenda mtaa wa Musonoi kumuaga Ntambwe, amembebea blanketi la safari. Akamkuta juu ya ngazi, anapaka nyumba rangi ya kijani.

Wakaja kwangu wote wawili. Nilitaka kupita mlango wa nyuma. Blandine alikuwa amesimama hapo, amekunja mikono. Mke wa namna gani huyu?

Nilimngoja Ntambwe akasirike. Nilikuwa tayari na maneno. Badala yake akaniuliza kwa upole, mbele ya majirani:

“Tata Kisimba, treni yangu itatoka siku gani? Nijue siku ya kupiga pantalo pasi.”

Mtaa mzima ukacheka. Mzee Omer akasema atatuchukua wote, kwa sababu kiongozi mmoja anaweza kukosea, lakini wawili watachungana. Blandine akasema hapo mzee amekosea tayari.

Jumapili, 14 Machi

Njiani. Gari la Mzee ni lile lile la zamani, lina harufu ya petroli na tumbaku, na harufu hiyo imenirudisha mbali mpaka macho yakanilowa. Nikasema ni vumbi. Ntambwe akasema vumbi gani kwenye mvua.

Kila kona tunakumbuka kitu. Hapa Mtaliano mmoja alipiga risasi sufuria ya mpishi akidhani ni ngiri. Hapa Ntambwe alimwoa Ngalula kwa macho, alipomwona anauza mihogo pembeni mwa reli, akashuka garini, akaacha wawindaji waende peke yao. Nilimtetea siku ile. Nilisema ameshikwa na homa. Tulikuwa tunateteana, siku zile. Sijui iliishia wapi.

Kasaji mvua imekatika. Nimechagua mahali pa kambi kabla Ntambwe hajafungua mdomo. Ni pazuri sana. Baadaye imeonekana ni njia ya siafu.

Jumatano, 17 Machi

Niandike upesi kabla Ntambwe hajasimulia vibaya.

Asubuhi tuliwaona. Kundi la palahala ukingoni mwa mushitu, ule msitu mnene unaofuata mto. Dume lilikuwa katikati, jeusi, linang'aa kwa umande. Mzee Omer alianza kutetemeka kama bwana harusi. Mimi kulia kwake, Ntambwe kushoto.

Niliona Ntambwe anataka kusema. Nikamtangulia. Nikanong'ona: piga! Wakati huo huo Ntambwe akainua kiganja: ngoja! Jike lilikuwa limesimama mbele ya dume. Mzee akanitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akapiga katikati ya maoni yetu. Risasi ikapita juu ya mgongo wa jike na kulichana dume ubavuni. Likaruka, likazama mushituni na damu yake.

Wote tukaanza kusema. Nikasema kosa ni la Ntambwe, mkono wake ulimchanganya Mzee. Ntambwe akasema mwindaji ana masikio mawili lakini anapaswa kusikia mtu mmoja. Mzee akasema bunduki ilikuwa mikononi mwake. Tukabishana huku mnyama anateseka. Mzee ndiye aliyekumbuka sheria: mnyama mwenye jeraha haachwi, na kiongozi ndiye anayeingia kwanza.

Kiongozi yupi? Mimi! Nimesema piga, mimi nitaingia. Nikajipiga kifua. Ntambwe alinishika mkono, nikauchomoa.

Ndani giza na matope. Nikafuata damu. Nikaona kisiki kilichoungua. Nikageuka kuwaambia kuwa hakuna kitu.

Kisiki kikasimama.

Sikupiga kelele. Wanaosema nilipiga kelele walisikia ndege. Nilikimbia kwa mpango, mguu ukaingia kwenye shimo la ngiri, nikalala kifudifudi. Nikasikia pantalo, suruali yangu, inapasuka. Pembe! Nikamwita mama yangu, marehemu, na Blandine, na Mungu, kwa mfuatano huo.

Kisha nikasikia mtu anamsemesha mnyama taratibu. Ntambwe. Alikuwa amesimama kati yangu na zile pembe, anapunga kofia yake, anarudi nyuma hatua kwa hatua, akilivuta dume limtazame yeye. Dume likamgeukia. Likainamisha kichwa. Mzee Omer, yule wa kutetemeka, hakutetemeka. Mlio mmoja. Likaanguka karibu na viatu vya Ntambwe.

Mzee akapiga magoti, akaligusa shingoni. Hakushangilia. Alilia, na hakuna aliyesema vumbi.

Alhamisi, 18 Machi

Jana jioni motoni, Mzee alirudisha desturi ya kambi za zamani. Kukiwa na kosa kati ya mwindaji na kiongozi, kila mmoja anasema lake wakati nyama inachomwa. La mwenzake ni marufuku. Kisha linazikwa hapo, halipandi gari kurudi mjini.

Mzee akaanza: alipiga wakati viongozi wake hawajaelewana, kwa sababu aliogopa kufa bila palahala. Ntambwe akasema aliliona lile jike mapema, akachelewa kuinua mkono, alitaka kwanza mimi nikosee.

Zamu yangu. Nikasema kosa langu ni kukubali kutembea na Ntambwe. Mzee akasema hilo ni la mwenzangu, rudia. Nikasema kosa langu ni ujasiri uliozidi. Wakacheka mpaka Mzee akakohoa. Nikanuna. Mwishowe nikasema sawa, nilitaka kumtangulia Ntambwe. Wakanipigia makofi.

Kulikuwa na neno jingine, lile la treni. Lilifika kooni. Lakini nyama ikaiva, na neno na nyama haviwezi kupita pamoja.

Ijumaa, 26 Machi

Sijui nianzie wapi. Gari lilizama kwenye matope, siku zikapita, hatukusikia habari yoyote. Leo tunakaribia Kolwezi, tunakutana na watu wamebeba magodoro kichwani. Kwanza nikadhani ni soko. Halafu nikaona mama mmoja amebeba mlango. Mlango wa nyumba yake.

Wakasai wanafukuzwa.

Mzee Omer akazima gari. Mimi nikapata mpango. Nikamwambia Ntambwe kuanzia sasa yeye ni Kabemba, binamu yangu wa Kasaji. Nikamvika bereti yangu. Tukaendelea mpaka kwenye kizuizi. Vijana wenye marungu, majani ya miti vichwani. Wakatushusha, sote wawili Waafrika, wakatuamuru tuseme Kilunda, lugha ya wenyeji.

Ntambwe akasema. Kilunda kitamu, kizito, kama mzee aliyekulia Musumba kwa mfalme wa Walunda! Amewinda huko miaka, mimi nilikuwa nalala garini. Vijana wakamwamkia.

Wakanigeukia mimi. Nimekulia kambi ya wafanyakazi, najua Kiswahili na matusi ya Kifaransa. Kiluba cha baba yangu, cha Manono kaskazini mwa Katanga, nakisikia tu. Nikatoa salamu moja ya Kilunda, ikatoka vibaya.

“Huyu munene njo Mukasai!” mmoja akapiga kelele. Wakanishika shingo. Rungu likainuliwa.

Ntambwe akaingia kati. Tena! Akawaambia kwa utulivu:

“Hapana, batoto yangu. Huyu ni ndugu yangu. Eko Muluba ya Manono. Kinywa yake tu njo inamusumbuaka.”

Wakaniachia. Mkasai ameniponya nisifukuzwe kwa kuwa Mkasai. Blandine asijue hili kamwe.

Musonoi nyumba ya kijani haina madirisha. Mgeni ameshaweka kiti chake barazani. Jirani akasema Ngalula na watoto wako gare, kwenye stesheni ya treni.

Nikamsihi Ntambwe. Jina la Kabemba limekubalika, kizuizi tumepita, abaki kwangu, familia tutaitoa pole pole, nina mpango. Akanivika bereti yangu vizuri kichwani, kama mtu anayemvisha mtoto.

“Mi nibaki hapa na jina ya mutu mungine? Ngalula eko kule.”

Akaenda kwa miguu.

Jumapili, 28 Machi

Gare. Sikujua mji wetu una watu wengi hivi mpaka nilipowaona wamekaa chini. Mafundi, makarani, mwalimu wa mtoto wangu. Mvua inawanyeshea. Blandine amepika sombe, kisamvu, sufuria kubwa, tumebeba pamoja. Ngalula alitupokea kama tumemtembelea nyumbani, akatandika kitenge juu ya mawe, akasema karibuni, samahani viti hakuna.

Nilitaka kuzungumza na Ntambwe peke yetu. Nikamwambia kuhusu lile neno nililomwambia Mzee. Nilisema treni, na treni inakuja. Akanitazama kwa mshangao. Akaniuliza kama nadhani serikali nzima ilinisubiri mimi. Akasema mpango wangu hata mmoja haujawahi kufaulu, kwa nini huu ufaulu?

Nimefarijika. Pia nimeumia kidogo.

Jumanne, 6 Aprili

Wameondoka. Mabehewa ya mizigo, hayana paa. Mzee Omer alikuja na lile blanketi alilolirudisha nyumbani mwezi uliopita. Alimfunika nalo mtoto mdogo wa Ngalula, akasimama kando na kofia mkononi.

Ntambwe alikuwa amevaa pantalo safi. Imepigwa pasi! Sijui wapi alipata makaa katika tope lile. Akaniinamia kutoka juu ya behewa.

“Kisimba. Ile mambo ya mushitu. Useme ni weye ulisimama mbele ya nyama. Hakuna mutu atakubishia.”

Nikamwambia sitaki. Nikamwambia ashuke anibishie mwenyewe. Treni ikavuta. Nikakimbia kando yake mpaka mwisho wa jukwaa, nikajikwaa, nikasikia anacheka, kisha sikusikia.

Blandine alinishika mkono njia yote ya kurudi. Hakunitania. Hapo ndipo nilipojua jambo hili ni kubwa.

Ijumaa, 23 Aprili

Mzee Omer naye ameondoka, na pembe zake zimefungwa gazeti. Sasa mimi ni kiongozi pekee wa wawindaji Kolwezi nzima! Nilichokitaka maisha yangu yote. Sina mpinzani kushoto wala kulia.

Jana nilisimulia habari ya palahala kwenye baa. Nilipofika pale pa kusimama mbele ya pembe, nilisema ni mimi. Watu wakashangilia. Nikageuka kushoto kuona Ntambwe anavyotikisa kichwa. Kulikuwa na kiti na kreti tupu za bia.

Lakini! Baada ya hapo akaja mfanyabiashara mmoja, Tata Mwamba, ana bunduki mpya, hajawahi kupiga hata kuku. Anataka nyati. Aliniuliza kama ni kweli wawindaji na viongozi hukoseana porini. Nikamwambia pengine huko, kwangu haijatokea hata siku moja. Akauliza kama najua bonde lenye nyati. Nikasema nalijua kama uwanja wa nyumba yangu.

Bonde hilo alilijua Ntambwe. Mimi, kama nilivyoandika, nilikuwa nalala garini.

Lakini nililala upande wa dirisha. Kitu kitanijia. Tunaondoka kesho alfajiri, na mahali pa kambi nimeshapachagua.