Wagonjwa Arobaini na Mmoja wa Mashine ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, salamu nyingi. U mzima? Mimi mzima kwa rehema za Mungu, ila moyo hautulii. Hapa masjala ya hospitali kumbukumbu za wagonjwa zilishajaa kwenye mashine moja ya kompyuta, sasa zimegawanywa katika tatu ili kila moja ibebe sehemu yake, isilemewe. Binti mmoja, fundi wa kompyuta, ameunda programu ya ajabu. Najaza fomu tu. Yenyewe inaigeuza kuwa swali la kuhifadhi au kutafuta mgonjwa, inatazama namba ya kadi, inalipeleka swali kwenye mashine inayohusika. Tarishi asiyekosea mlango! Nilimtukuza Mungu palepale.

Mkuu wa hospitali anatafuta msimamizi wa masjala. Ni mimi au karani mwenzangu, Bi Miwani. Mwenye kasi ndiye atakayepata.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua! Chini ya fomu kuna kisanduku: “Tumia mashine namba...” Fundi alisema ni cha mafundi, tusikiguse. Lakini mashine ya pili ni mpya, inaruka kama swala. Nikaandika mbili, mbili, mbili. Wagonjwa wapya arobaini na mmoja! Bi Miwani, ishirini na sita. Mkuu kanipigapiga begani. Nikasali kwa shukrani.

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Wa jana wamerudi kuchukua majibu ya vipimo. Kadi mbili katika kila tatu, skrini yasema hayupo. Na wa kwanza kwenye foleni ni nani? Mama mkwe.

“Mkwe wangu, nimekuja kwa miguu yangu miwili, na hicho chombo chako kinasema sipo?”

Bi Miwani akajitia kukohoa.

Fundi akaja, akatazama mara moja tu. “Mzee wangu, hawajapotea. Umewalaza kwa jirani, programu inawagongea kwao.”

Akanieleza bila ukali: namba ya kadi inagawanywa kwa tatu, kinachobaki ndicho kinachoamua mashine. Kisha akawahamisha wote kabla chai yake haijapoa. Mungu aibariki mikono ile!

Ijumaa, 7 Machi

Bi Miwani ndiye msimamizi. Nimempa mkono, roho ikiuma. Kisanduku kimeondolewa. Nimetubu, kazi ya fundi sitaichezea tena abadani.

Ila naibu bado hajateuliwa. Na kadi mpya nazigawa mimi. Leo nimeketi na rundo zima, nikagawanya namba kwa tatu, moja moja. Zinazobakiza mbili nimeziweka juu, nizigawe hizo tu. Programu yenyewe itawapeleka wote mashine ya pili, kihalali kabisa! Fundi atafurahi kuona nilivyomwelewa.

Unaonaje, daftari langu? Tafadhali nijibu mapema.