Umeme wa Pumba

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye ametuma udhuru, mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi ambaye naye yuko njiani tangu asubuhi, waheshimiwa viongozi wa dini, wa mila, wa vijiji, wa vitongoji na wa vikundi, ndugu zangu wavuvi mliopanda kutoka mtoni, ndugu zangu wafugaji, nawaamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, kina mama wa Michenga mlioshika mundu badala ya vipeperushi tulivyowagawia, ndugu wanahabari, kama mngekuwepo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Tumsifu Yesu Kristo. (Milele, amina.) Asalaam aleikum. (Sauti chache nyuma.)

Mimi, Nickolaus wenu, Mwenyekiti wa Jukwaa la Uratibu wa Nishati Safi, Tabianchi na Fursa Ambatani Bondeni, ambalo pia mimi ndiye katibu wake na ndiye mwanachama wake mwenye bidii kuliko wote (kicheko), nimesimama mbele yenu leo kwa heshima kubwa na taadhima kuzindua Mradi wa Umeme wa Pumba za Mpunga, na papo hapo kuufunga, ili katika kubana matumizi tusiwasumbue kuja mara mbili. (Kicheko kirefu.)

Ndugu wananchi, wengi wenu mnanijua tangu zamani, kabla ya koti hili. Nilikuwa nauza mkaa. Sioni aibu kusema hivyo, kwani mkaa wangu ulipika wali wa Ifakara nzima, na lori langu lilikuwa likipita Namawala mbwa wote wanalijua kwa jina. Ndipo sera ikabadilika. Tukaambiwa kwenye redio kwamba mkaa ni adui, taasisi zinazolisha watu wengi ziachane nao, na kila kiongozi anayetaka kusikika aseme maneno mawili, nishati safi, hata akiwa anafungua mashindano ya ngoma. Mimi ni mfanyabiashara. Nikaenda kwenye semina elekezi Morogoro kuangalia upepo unavumia wapi, na huko, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, nikamsikia mtaalamu akieleza kwamba kuna watu duniani wananunua moshi ambao haujatoka, wanaiita biashara ya kaboni. Nilimwomba arudie. Akarudia. Mimi niliyeuza moshi maisha yangu yote, tena moshi wa kweli unaowasha macho, nikagundua kwamba nimeachwa mbali na maendeleo. (Kicheko.)

Nikarudi bondeni nikiwa mwanamazingira. Lori nikaliuza, nikanunua koti. Nikaunda Jukwaa. Na kwa kuwa kiti cha udiwani nilikuwa nakitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria, nikatafuta mradi wenye impakti, shirikishi, jumuishi, endelevu na unaoonekana kutoka barabarani. Nikaona mashine za kukoboa za Ifakara zilivyozungukwa na vilima vya pumba. Nikasema, pumba hizi zitawaka, zitazungusha mtambo, Michenga itapata umeme wake yenyewe, hakuna kukatikakatika. Takwimu zangu za wakati ule zilionyesha kwamba asilimia tisini na nane ya wananchi wameupokea mradi kwa shangwe, na asilimia mbili iliyobaki ni ile tuliyoiuliza. (Kicheko. Mtu anasema: "Sasa umesema.") Nashukuru kwa fidibaki hiyo.

Kilichokosekana kilikuwa eneo. Hapo ndipo anaingia mama yetu Luciana, Mama Gladness, aliyekaa pale mbele na kitenge cha kijani, ambaye leo sitamwita stekihoda kwa sababu alishanikataza. (Kicheko.) Mama Gladness ni mjane. Ana shamba moja la mpunga, hili hili mnaloliona nyuma yangu, majaruba yanayogusa barabara. Nilimwendea na wazee wawili na soda. Nikamweleza kwamba atuazime shamba kwa msimu mmoja tu, mtambo ukisimama atakuwa wa kwanza kuwashiwa taa, na binti yake Gladness, aliyekuwa chuo cha uuguzi, atapewa kazi ya ofisi kwenye kituo. Aliuliza maswali machache. Mtambo unakuja lini? Nikajibu kwamba mchakato umeanza. Nani analeta? Nikajibu kwamba wadau wa maendeleo. Akakubali, ndugu zangu, kwa sababu aliniamini, na mpaka leo hilo ndilo jambo kubwa zaidi lililowahi kufanyika kwenye mradi huu.

Tukaweka jiwe la msingi. Ngoma ikapigwa. Mvua zikaja, watu wakaingia mashambani, na shamba la Mama Gladness likabaki majani na jiwe. Msimu ukapita. Wa pili ukaja nao ukapita. Mama huyu mwenye shamba lake akawa kibarua, anainama kwenye majaruba ya watu wengine kuanzia alfajiri, na jioni ananunua mchele dukani kwa kilo, yeye ambaye baba yake alikuwa akigawa mpunga kwa majirani. Gladness akarudi kutoka chuo. Hakufukuzwa kwa kushindwa masomo. Alirudi kwa sababu shamba lililokuwa linamsomesha lilikuwa limeingia kwenye mchakato.

Na mimi, ndugu wananchi, katika kipindi hicho hicho nilipata tuzo. (Kicheko kidogo.) Naomba nieleze kitaalamu. Shamba la mpunga likijaa maji hutoa gesi inayochangia kuipasha dunia joto. Hilo si langu, ni la sayansi. Lakini mimi kwa ubunifu wangu binafsi nikaandika kwenye taarifa kwamba Michenga kuna shamba ambalo limeacha kutoa gesi hiyo kwa misimu miwili mfululizo, kwa hiari ya mwananchi mwenyewe. Nikaalikwa kwenye kongamano, hoteli yenye zulia mpaka kwenye lifti, nikakabidhiwa kipande cha kioo chenye umbo la tone la maji, watu wakasimama kupiga makofi. Njaa ya Mama Gladness ilikuwa imepimwa kwa tani na kuonekana ina manufaa kwa dunia. Nilipiga picha nyingi sana.

Nikakiweka kioo juu ya runinga. Mke wangu Dorika akakitazama, akaniuliza ni cha nini, nikamweleza yote kwa fahari. Jioni ile nikaletewa ugali. Kesho yake ugali. Wiki ikaisha ni ugali. Nilipouliza, akaniambia kwa upole kwamba ikiwa mpunga unaharibu dunia, sisi familia ya mwenyekiti tuwe mfano. (Kicheko kirefu, vigelegele.) Nawaambia kweli, mtu aliyezaliwa bonde hili akikaa miezi bila wali, anaanza kuota akiwa macho.

Wakati huo akaja mgeni. Jina lake na la kampuni yake sitalitaja. Alikuwa mtu mpole, viatu vyake havikuwa na vumbi hata baada ya kutoka garini. Alisema amesikia habari za shamba lililolala, na kwamba kama shamba moja limeleta kioo, mashamba yote ya kando ya barabara yakilala yanaweza kuleta mengi zaidi. Wakulima wangelipwa kidogo kwa kutolima, yeye angeuza huko nje kile ambacho hawakukitoa, na mimi ningekuwa mratibu. Nilimwona diwani akinitazama kutoka kwenye kioo cha gari lake, na diwani yule alikuwa mimi. Nikaitisha mkutano wa hadhara. Nikasema mpango huo ni fursa. Mlinisikiliza, mkaondoka, hakuna aliyepiga kelele, nami nikaandika kwamba kijiji kimeridhia.

Siku chache baadaye Mama Gladness akaja ofisini. Aliniamkia shikamoo, yeye aliyenizidi umri, nami nikajibu marahaba bila kupepesa jicho, hivyo ndivyo koti linavyoweza kumfanya mtu. Hakukaa. Akasema, "Mheshimiwa, umeme siutaki tena. Nataka shamba langu, mvua zinakaribia."

Nikamweleza kwamba suala lake ni la kisera. Nikamwambia shamba lake sasa limeingia kwenye hesabu za kimataifa, na likilimwa, takwimu zitavurugika, na kuvurugika kwa takwimu kutaathiri uaminifu wa bonde zima mbele ya wadau. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hao wadau wanakula nini?" Nikamjibu kwamba swali lake limepokelewa na litafanyiwa kazi. (Kicheko. Mama mmoja: "Uongo mbaya.") Akaaga, akatoka, na sikumwona tena mpaka Januari.

Januari nikapigiwa simu kwamba kwenye eneo la mradi kuna watu. Nikavaa suti, kwa sababu dola lazima ionekane, nikachukua mgambo wawili, nikaja. Ndugu zangu, nilikuta shamba zima limelimwa, limejaa maji, na kina mama wameinama mstari kwa mstari wakipandikiza miche. Walikuwa wamelizunguka jiwe la msingi kama mtu anavyokizunguka kinyesi cha ng'ombe. Hakuna aliyeinuka kunisalimia. Nikasoma tamko. Nikasema kwa mamlaka niliyopewa, na sikumaliza, kwa sababu nilikuwa sikumbuki nilipewa na nani.

Nikawaamuru mgambo wawatoe. Mmoja wao, Silvano, akatazama ule mstari, akasema taratibu, "Mzee, yule wa tatu ni mama yangu." Akaweka rungu chini, akakunja suruali, akaingia majini akaanza kumpokezea miche. Mwenzake akatafuta kivuli. Nikabaki mimi na suti. Nikapiga hatua mbele ili niongee kwa karibu zaidi, tope likanipokea hadi magotini, nikavuta mguu, mguu ukaja, kiatu kikakataa. (Kicheko kirefu sana.) Kipo humo mpaka leo, na kwa maana hiyo Jukwaa limewekeza hapa kitu halisi. (Kicheko.)

Mwanamke mmoja mwisho wa mstari akaja kunishika mkono. Alikuwa Dorika. Mke wangu mwenyewe, kitenge kimefungwa juu, tope hadi mapajani. Nilitegemea atanitoa nje. Akaniwekea fungu la miche mkononi. Akaniambia, "Baba, ukitaka wali, anzia hapa."

Nilitazama barabarani. Yule mgeni mpole alikuwa amesimamisha gari, ameshusha kioo, anatazama. Nilijua nikitoka naye nitakwenda mbali. Nilijua pia kwamba kule nyumbani kuna sufuria, na kuna mama aliyeniamini mara moja na ambaye sasa hakuwa hata ananitazama. Ndugu wananchi, viongozi huwa tunapenda kusema kwamba tulifanya maamuzi magumu. Mimi sikuamua. Nilikuwa nimekwama. (Kicheko.) Lakini nikiwa nimekwama hivyo nikainama, nikachomeka mche mmoja, ukalala. Mama Gladness akaja akausimamisha. Akanionyesha kidole gumba kinavyoingia. Nikachomeka mwingine. Nilipoinua kichwa, gari lilikuwa limeondoka. Ile mistari iliyopinda kule upande wa mtaro, mnaicheka tangu mwezi wa pili, ni yangu, naomba iingizwe kwenye taarifa ya utekelezaji. (Makofi, vigelegele.)

Sasa leo mpunga umeiva. Ni ile mbegu ya Supa, ndugu zangu, inanukia hata kabla ya kukobolewa. Gladness amerudi chuoni kwa ahadi ya mavuno haya, na mimi na koti langu tumeachana na udiwani. Nasikia kuna watu wanamshawishi Mama Gladness achukue fomu yeye. Amesema ataangalia akishavuna.

Kabla sijamaliza, itifaki inanitaka nitoe shukrani. Nawashukuru wazee wawili wa soda. Namshukuru Silvano, ambaye siku hizi si mgambo tena. Namshukuru mke wangu, wali nilianza kupewa tena Pasaka. Na kwa namna ya pekee kabisa niwashukuru wadau wa maendeleo waliotuletea mtambo wa umeme wa pumba, shukrani ambazo sijui nizitume wapi, kwa kuwa hawakuwahi kuwepo. Mama Gladness aliniuliza siku ile ya kwanza nani analeta mtambo, nikasema wadau. Hakukuwa na mdau. Hakukuwa na mtambo, wala mchoro wake, wala mtu yeyote mahali popote niliyewahi kumwomba. Kulikuwa na jiwe, na jiwe lenyewe nililitoa nyuma ya nyumba yangu. Umeme wa pumba ulikuwa pumba, na pumba hizo zilikuwa zangu. (Mtu mmoja anacheka, wengine wanafuata.)

Kwa hayo machache, natangaza rasmi kwamba mradi umezinduliwa na umefungwa, na eneo linarudi kwa mwenyewe, ingawa naona alishalichukua. Tumalizie kwa kaulimbiu. Nishati safi! (Kimya.) Net ziro! (Kikohozi.) Mpunga! (Oyee! Mundu zinainuliwa.)

Asanteni sana. Naona Mama Gladness ananipungia mkono nishuke, jua linapanda na kazi haijaanza. Nashuka, mama. Naomba na mimi nipewe mundu. Anasema nini? (Anainama kusikiliza.) Anasema mundu zimegawiwa zote na waliozipata wanajua kuzitumia. Anasema kuna ndoo pale, watu watahitaji maji ya kunywa. Haya. Kisima kiko upande gani?