Bibi Stempu na Vita vya Mtaro Ulioziba

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mpitao njia. Mwenye redio aizime, mwenye sufuria motoni aiepue, kwa maana nasimulia vita vya mtaro, na habari za Bibi Stempu, shujaa wa miaka sitini na minane, aliyegonga mihuri ya posta miongo mitatu bila kuruka barua hata moja.

Adui alikuwa bonge. Lilijiumba gizani, chini ya zege linaloufunika mtaro: nywele kutoka kwa kinyozi, mabaki ya vitambaa kutoka kwa mshonaji, mafuta yaliyoganda kutoka kwa mkaanga samaki, vyote vikashikana kama ndugu walioapiana kufa pamoja. Maji ya mtaa mzima yakarudi nyuma, yakavuka kizingiti, yakaingia chumbani alimolala dada mkubwa wa Bibi, ambaye nyonga yake iliyovunjika ilikuwa haijaunga. Kila maji yalipopanda, Bibi aliongeza tofali chini ya miguu ya kitanda. Kufikia tofali la sita, dada alikuwa karibu kuhesabu misumari ya bati kwa pua, naye akanena kwa upole kwamba la saba hatalipinga, ila aarifiwe mapema apate kugeuza uso. Bibi Stempu akacheka, kisha akatoka uani akalia, kisha akavaa viatu vyake vya kazini.

Akaivamia idara ya maji. Bwana Maji, jemadari wa mabomba, akamfahamisha kwamba maji yakisimama siku tatu huacha kuwa maji, huwa takataka. Akaivamia idara ya usafi, mlango wa pili. Mama Taka, malkia wa magari ya uchafu, akakiri kwamba bonge ni lake kabisa, lakini limelowa, na kilicholowa ni cha watu wa maji. Mlango wa tatu, Bwana Afya aliuliza kama kuna mbu. Bibi akasema wapo viluwiluwi. Akaambiwa arudi watakapoota mabawa.

Siku kumi na moja alizingira ngome hizo tatu, zenye ukumbi mmoja na birika moja la chai, ambazo wakuu wake walikuwa hawajawahi hata kusalimiana.

Ndipo akachomoa silaha aliyoijua. Akaandika barua tatu za namna moja: “Jumatano saa nne asubuhi, mtaro utakabidhiwa rasmi kwa idara yako peke yake. Usipofika, tutahesabu umekubali.” Akazigonga muhuri, ule wa posta aliostaafu nao.

Wakaja mbio wote watatu, kila mmoja na ushahidi wa kutofaa kwake. Bwana Maji alileta mpira wa maji, kuonyesha kwamba hauwezi kuokota uchafu. Mama Taka alileta reki, kuonyesha kwamba haizoi maji. Bwana Afya alileta glavu, mpya, zingali ndani ya karatasi. Zege likafunuliwa, wakahutubia bonge kwa zamu, nusu saa kila mmoja, nalo likasikiliza.

Bibi Stempu akasimama mbele yao. “Wanangu, mmethibitisha vya kutosha, kila mtu kwa nafasi yake. Sasa thibitisheni kwa pamoja, ili mimi niandike mara moja tu. Dada yangu yumo ndani, amebakiza shubiri moja ya hewa.”

Bwana Afya akachungulia dirishani. Kutoka juu kabisa, karibu na bati, sauti ikamwambia, “Karibu mwanangu, vuta kiti, kama utakiona.”

Akarudi, akavaa glavu.

Basi mpira ukanguruma, reki ikanasa, glavu zikavuta. Watatu wale wakayumba, wakapakana matope, wakaitana kaka na dada. Saa sita na dakika saba bonge likatoka, kubwa kama mbuzi na lenye nywele nyingi kuliko mbuzi, na mtaro ukameza maji yote kwa mkupuo mmoja. Jioni kitanda kilikuwa sakafuni, na dada akalala chali kwa raha ya wafalme.

Jumatano iliyofuata wakaja tena wote watatu, hawakuitwa. Wakasimama ukingoni mwa mtaro na vikombe vya chai.

“Yanapita,” akasema Bwana Maji.

“Yanapita,” akaitikia Mama Taka.

Bwana Afya akaandika daftarini. Dola kubwa zimeinuka na kuanguka, na hazijawahi kukubaliana hivyo.