Nafasi ya Spoku kwenye Albamu

Redio ilitangaza alasiri, sisi wa kijiwe cha Cheyo tukiwa na vikombe vya kahawa mkononi: Ghadir, binti wa mwenzetu Badar, anatoa albamu huko Dar. Muziki wa kompyuta, kachanganya pop ya taratibu, soul na rap. Badar tunamwita Spoku kwa sababu anauza vipuri vya baiskeli. Mwaka wa pili huu hasemi na binti yake, tangu binti aache chuo cha uuguzi.

"Tusikie basi hiyo albamu!" akaamuru Kamati. Jina lake Vedasto, na hana kamati yoyote.

Spoku akatoa simu. Kumbe binti kamtumia wimbo mmoja tangu juzi. Tukainamisha vichwa. Ukaja mvumo, kama friji la duka la jirani. Kisha mtu akapumua.

"Mtandao huo," akasema Sindano, yaani Yahaya fundi cherehani, akaitikisa simu.

"Acha bwana, ndo unaanza!"

Tukasubiri. Binti akaguna, akachana mistari mitatu kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini, mvumo ukarudi. Dakika ya nne simu ikanyamaza.

"Sasa utaanza," nikasema mimi. Naitwa Maestro kwa sababu zamani nilibeba gitaa la bendi. Nililibeba tu, kupiga walipiga wengine.

"Umeisha," akasema Spoku.

"Umeisha saa ngapi? Tumesubiri uanze, umeisha!"

"Ndiyo muziki wa kisasa," nikawaelimisha. Nilikuwa nimeujua kwa dakika nne.

Spoku akaongeza, "Kuna na ujumbe. Wimbo wa mwisho kaniachia nafasi niweke sauti yangu. Niseme chochote. Magharibi anaufunga. Nikikaa kimya, nafasi inabaki tupu."

"Magharibi ya leo?"

"Ya leo."

Tukamvaa wote kwa pamoja.

"Hotuba! Anza na mheshimiwa mgeni rasmi," Kamati akasema.

"Mgeni rasmi gani ndani ya wimbo, we mzee?"

"Basi aeleze historia! Misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa Tabora, watu wakatujua dunia nzima!"

"Ikatuachia nini? Maembe na ubishi."

"Mi naona achane," akadakia Sindano. "Nauza cheni, nauza tairi, Spoku wa Cheyo mambo shwari!"

"Kiitikio niachieni mimi," nikajitolea. Nikasafisha koo, nikaimba kidogo. Mbuzi aliyekuwa amelala pembeni akainuka, akahama.

Tukabishana mpaka muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe. Spoku alikuwa kaishika simu kwa mikono miwili.

"Mnaongea tu nyie," akasema. "Mimi nilimwambia asiniite baba mpaka arudi chuo. Sasa naanzia wapi?"

Hapo kila mtu akaangalia viatu vyake. Kusema kweli niliona aibu.

Akabonyeza kurekodi. Kamati akampungia mikono aanze na mgeni rasmi. Sindano akatikisa kichwa kumpa mdundo. Spoku akafumba macho.

"Ghadir, mama. Umekula?"

Akaachia kidole. Ikaenda.

"Ndo nini hiyo!" Kamati akaruka. "Albamu nzima inakusubiri, we unauliza ubwabwa?"

"Hata salamu za Cheyo hujatoa!"

"Na kiitikio changu?" nikalalamika.

Simu ikalia: ujumbe wa sauti. Spoku akabonyeza, sauti ya binti ikatoka, nyembamba. "Shikamoo baba. Sijala tangu asubuhi. Nilikuwa nakusubiri."

"Marahaba, mwanangu," Spoku akaiambia simu, wala hakuwa anarekodi. Akavua kofia, akafunika nayo uso.

Adhana ikaanza. Hakuna aliyeinuka haraka. Kamati, mtu ambaye hajawahi kunyamaza hata msibani, akaninong'oneza, "Maestro, una leso?"

"Ninayo," nikamjibu. "Lakini naitumia."